Deni la 17,000: kisa cha muuguzi na uradi wake wa kila siku

Kisa hiki nakiandikia walimu wenzangu wa darsa za akina mama, na yeyote aliyewahi kuanza uradi (dhikri na visomo ambavyo mtu hujipangia kila siku) kwa moto akaja kujikuta ameuacha bila kujua hasa aliuacha siku gani. Mwenyewe ameniruhusu. Jina, mji, hospitali na habari za familia nimeviondoa au kuvibadilisha. Nitamwita Mama Nuru. Hesabu za uradi na makosa yangu nimeyaacha yalivyo.

Alikotoka

Mama Nuru ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika mji mmoja wa mwambao. Ana miaka arobaini na kitu, ana mume na watoto. Kazi yake ni ya zamu tatu zinazozunguka: asubuhi, jioni, usiku. Msomaji alishike hili la zamu, maana karibu kila kilichoharibika kilipitia hapo, na mimi sikuliona mapema.

Amelelewa na bibi yake mzaa mama, mtu wa zawiya, yaani mahali wanapokutana watu wa tarika kwa dhikri. Nyumba ilikuwa ya Kadiria, tarika (njia ya Kisufi) iliyoenea Unguja na bara kwa juhudi za masheikh kama Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909). Lakini kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani, tarika moja haikuzuia kunufaika na nyingine: baada ya Maghribi bibi alisoma Ratibu ya Haddad, mkusanyiko wa dhikri na dua uliopangwa na Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut (1634–1720). Alisoma kila siku, mjukuu amejilaza mkekani kando yake, anasikiliza mpaka usingizi umchukue.

Bibi alipofariki, Mama Nuru alirithi tasbihi yake. Ina punje 99 nyeusi. Uzi wake wa kwanza ulikatika zamani na mtu akaitunga upya kwa mshipi wa kuvulia samaki. Fundo la mshipi ule ni gumu, na ncha yake huchoma kidole kidogo kila inapopita. Ndivyo anavyojua amefika mwisho wa mzunguko hata gizani, na ndivyo bibi alivyojua. Tasbihi ile ilikaa kabatini miaka sita kabla hajaitoa.

Alivyoanza

Aliitoa mwezi wa Shaabani. Hakuwa na sheikh aliyempa uradi wala mwalimu aliyemuuliza maisha yake yakoje. Aliukusanya: huu kutoka kwa shoga yake kazini, ule kwenye video, mwingine kwenye kijitabu alichouziwa nje ya msikiti. Baada ya Alfajiri alijiwekea istighfari (kuomba msamaha) 100, swala ya Mtume (maneno ya kumswalia Mtume) 1,000, jina la Allah Ya Latifu 129 (hesabu ya herufi za jina lenyewe kwa abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake) na Sura Yasini. Baada ya Maghribi, Ratibu ya Haddad. Kabla ya kulala, Sura Waqia na ile tasbihi ambayo Mtume (S.A.W.) alimfundisha binti yake Fatima: 33, 33 na 34.

Kila kimoja katika hivyo ni kizuri. Tatizo ni jumla yake. Swala ya Mtume, kwa mwendo wa mtu asiyekimbia, mia moja huchukua kama dakika nne. Kwa hiyo 1,000 peke yake ni dakika 40. Ukijumlisha yote unapita saa moja na nusu kwa siku, na hapo hujaweka dakika hata moja ya kukaa kimya.

Ramadhani ile alifaulu, na kufaulu kule ndiko kulikomponza. Alikuwa kwenye likizo yake ya mwaka, siku 28. Hakuwa na zamu, watoto walilala baada ya daku, nyumba ilitulia. Alisoma yote, akalia, akapata utamu ambao hakuwahi kuujua. Akaamini kwamba hicho ndicho kipimo chake halisi, na kwamba chini ya hapo ni uvivu.

Mfungo Mosi akarudi wodini.

Daftari

Mtu wa zamu ya usiku Alfajiri humkuta kazini. Tena humkuta katika saa ngumu kuliko zote: vipimo vya asubuhi, taarifa za kuandika, wazazi waliojifungua usiku wanaohitaji kuangaliwa kabla ya kukabidhi zamu. Mama Nuru aliswali rakaa zake mbili kwa haraka na kurudi kwa wagonjwa, kama ipasavyo. Uradi ulibaki. Alijiambia atausoma nyumbani. Akifika, usingizi unamwangusha na viatu mguuni.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo nimewaona nalo wengine watatu au wanne tangu wakati huo. Alinunua daftari dogo la mistari, lenye jalada la bluu, akaanza kuandika deni. Tarehe, kisha kiasi kilichopungua. Siku za mapumziko alijaribu kulipa. Akilipa 1,000 anapiga mstari, halafu wiki ya zamu za usiku inakuja na kuongeza elfu nne au tano. Nililiona daftari lile baadaye. Kurasa za mwanzo mwandiko ni mzuri, wa mtu aliyezoea kujaza mafaili ya wagonjwa. Kurasa za mwisho ni tarakimu tu, zimeinama. Mstari wa mwisho unasema 17,000. Kwa mwendo wake hizo ni zaidi ya saa 11 za kukaa bila kunyanyuka.

Baada ya mstari ule hakuandika tena, wala hakusoma tena. Ratibu ilishakwenda. Yasini na Waqia zilishakwenda. Hakuacha siku moja kwa uamuzi; aliacha kwa sababu kila alipoiona tasbihi alikumbuka anadaiwa.

Kundi la kuhesabu

Mfungo Tano, tukijiandaa kwa Maulidi ya Mfungo Sita, wanawake wapatao sabini tuliunda kundi la WhatsApp la kusomea swala za Mtume. Lengo lilikuwa 1,000,000 kabla ya Maulidi. Kila jioni kila mmoja anaandika alizosoma, msimamizi anajumlisha. Mama Nuru nilimwingiza mimi. Nilimjua kama mtu wa darsa aliyepoa kidogo, nikadhani wenzake watamwamsha.

Siku za kwanza aliandika ukweli: 200, 150. Juu na chini yake wenzake wanaandika 2,000, 3,000, na chini yake mioyo na dua. Siku ya tano aliandika 1,000 akiwa amesoma mia mbili na kitu, kwa nia ya kuzimalizia kabla ya kulala. Hakuzimalizia. Kesho yake akaandika tena 1,000. Aliendelea hivyo siku 19.

Alikuja kwangu siku chache baada ya Maulidi, wakati wa Alasiri. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo, mwalimu," akaketi ukingoni mwa kiti kama mgeni wa mara ya kwanza, akaliweka daftari mezani.

"Nimekuja uniombee nitolewe kundini."

"Kuna nini mwanangu?"

"Nimedanganya kwa jina la Mtume, mwalimu. Nimeandika nisichokisoma." Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Na kabla ya hapo nilikuwa ninadaiwa."

Maamuzi ya siku ile

La kwanza lilikuwa deni. Nilimuuliza kama aliweka nadhiri kwa kutamka, kwamba "ni wajibu juu yangu kwa ajili ya Allah kusoma elfu moja kila siku." Akasema hapana, alijipangia tu. Suala lile sikulikata mwenyewe. Nilimpigia simu sheikh ninayemtegemea kwa mambo ya fiqhi, Mama Nuru akisikia, naye akajibu kwamba kupanga moyoni hakumfungi mtu. Hana deni la chochote, na daftari lile lifungwe. Nilitaka alisikie kwa mtu mwingine kwa sababu kutoka kwangu angelichukua kama huruma.

La pili, hesabu za uongo. Tulikisia upungufu kuwa kama 11,000. Atubu kwa Mola wake, asijitangaze. Lakini jumla ya kundi ilikuwa imesomwa hadharani usiku wa Maulidi, kwa hiyo nilimwomba msimamizi aipunguze kiasi hicho bila kutaja ni cha nani. Aliipunguza, akaandika tu kwamba kulikuwa na kosa la kujumlisha. Mama Nuru akatoka kundini usiku uleule.

La tatu, uradi mpya: istighfari 10, swala ya Mtume 10, La ilaha illallah 10, halafu akae kimya kama dakika mbili. Hakuridhika. Nilimsomea hadithi ya Mama Juwayriya, mke wa Mtume, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume alimwacha asubuhi akiwa katika pahala pake pa kuswalia, akarudi jua limekwishapanda akamkuta bado ameketi palepale. Akamwambia kuwa baada ya kumwacha amesema maneno manne mara tatu, na lau yangepimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi, yangeyazidi uzito. Mtume hakumkemea kwa kukaa kwake kirefu, lakini alimwonesha kwamba mizani haihesabu punje.

Kuhusu dakika za kimya nilimpa maelekezo machache tu. Akae juu ya kiti au mkeka, mgongo umenyooka bila kukakamaa, macho yamefumbwa nusu, asihesabu. Aache lile neno la mwisho, "Allah", litulie. Wazo likija, asigombane nalo. Akumbuke tu jibu la Mtume kwa Jibrili alipoulizwa ihsani ni nini: umwabudu Allah kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni, Yeye anakuona. Hilo la pili ndilo la kukalia. Mtu aliyechoka hawezi kujilazimisha kuona, ila anaweza kukaa akijua anaonwa.

Mpango wa kwanza ulivyovunjika

Niliufunga uradi ule kwenye swala ya Alfajiri, mswalani, kama tulivyofundishwa wote. Ulidumu siku 11.

Alirudi kichwa chini. Nilimuuliza siku ya 12 ilikuwaje, akajibu kwa maneno ya juujuu. Nikauliza tena, na mara hii nikauliza swali ambalo mwalimu mwanamke hana udhuru wa kutoliuliza siku ya kwanza: je, uliingia mwezini? Akainamisha macho. Ndiyo.

Jambo hili lina uzito kuliko tunavyolizungumza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mwanamke aliye katika hedhi haswali, na hasomi Qur'ani kwa nia ya kisomo. Lakini istighfari, swala ya Mtume, tahlili (La ilaha illallah) na dua havina kizuizi chochote. Mama Nuru aliijua hukumu hiyo, na angeweza kuwafundisha wengine. Kilichomwangusha hakikuwa hukumu, kilikuwa mswala. Uradi wake ulikuwa umening'inizwa juu ya swala, na swala iliposimama kwa siku sita, uradi ulianguka pamoja nayo. Mswala umekunjwa, tasbihi imekunjwa ndani yake. Siku ya saba anajitwaharisha, anaanza upya kama mtu aliyetoroka.

Nikamwomba arudi nyuma na kumbukumbu zake. Ramadhani ile aliyoiona kamili ilikuwa na pengo la siku sita ambazo hakuzihesabu. Na kurasa za daftari zilionesha jambo lilelile kila mwezi: madeni makubwa yamejikusanya pale zamu za usiku zilipokutana na siku zake. Miezi yote ile alijiona dhaifu wa imani, kumbe uradi aliufunga kwenye kigingi kinachong'olewa kila mwezi.

Basi tukatafuta kigingi kingine. Tulikaa mezani na ratiba yake ya zamu tukiuliza: ni kitu gani unakifanya kila siku, uwe na zamu gani, uwe twahara au la, uwe na furaha au huna? Alifikiri sana. Kuoga? Bafuni hapafai dhikri. Kupanda daladala? Siku za mapumziko hapandi. Mwishowe akacheka, akasema, "Mwalimu, kitu nisichokikosa ni chai ya kuamkia."

Aamke saa kumi na moja alfajiri au saa nane mchana baada ya zamu ya usiku, Mama Nuru haanzi chochote kabla ya chai. Huweka maji jikoni, hutia iliki na tangawizi, husubiri. Kusubiri kule kulikuwa dakika nne au tano ambazo kila siku alizitumia kushika simu. Tukauweka uradi hapo. Kiti cha plastiki cha jikoni, tasbihi ya bibi imetundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, simu imebaki chumbani. Maji yakichemka kabla hajamaliza, apunguze moto.

Kuhusu siku itakayompita, tulikubaliana hivi: akikosa wakati wa chai, ausome wakati wowote kabla hajalala tena. Akilala bila kusoma, imekwisha, asubiri chai nyingine. Hapo nilitegemea hadithi aliyoipokea Sayyidna Umar, kwamba mwenye kupitiwa na usingizi akaikosa hizbu yake (kisomo alichojiwekea) ya usiku, kisha akaisoma kati ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama aliyeisoma usiku. Nilimwonesha kwamba katika maneno yale kuna mlango wa kurudi, na mlango huo una mwisho. Hakuna daftari linalofuatana na mtu mwezi mzima.

Miezi iliyofuata

Siku ya tisa ya mpango wa chai alinipigia simu kuomba aongeze. Anajisikia vizuri, kumi ni kidogo mno, anaona haya kumwambia mtu. Nikakataa. Nilijua furaha ile, ni ndugu wa furaha ya Ramadhani. Nilimkumbusha habari ya Abdallah bin Amr bin al-As, kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusoma usiku kucha. Mtume alimpunguzia, yeye akasema anaweza zaidi, akaruhusiwa kuongeza kidogo, akasema anaweza zaidi. Uzeeni, nguvu zilipomwisha, alisema laiti angekubali ile rukhsa. Na Mtume huyohuyo alimwambia: usiwe kama fulani, alikuwa akisimama usiku, kisha akaacha.

Alibaki kwenye kumi tangu Mfungo Saba hadi Rajabu. Mwezi wa pili ulikuwa mkavu kabisa. Anasema alikuwa akihesabu punje huku akiwaza ada za shule, mafuta ya taa ya mama yake kijijini, na mzazi wa kitanda cha nne. Aliniuliza kama dhikri ya namna hiyo si mzaha. Nilimjibu kwamba ulimi uliokuwepo bila moyo ni bora kuliko vyote viwili kutokuwepo, na kwamba kazi yake ni kukaa kwenye kile kiti. Utamu si kazi yake, huletwa.

Kipindi hicho alimtembelea mama yake mkubwa, ambaye naye alilelewa na bibi yuleyule. Alirudi na habari iliyomsaidia kuliko darsa zangu. Bibi hakuanza na Haddad. Alipokuwa na watoto wadogo, kwa miaka, uradi wake ulikuwa tahlili tu, na aliisoma amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi: La ilaha illallah kwa kila mvuto wa mkono. Ratibu nzima aliizoea watoto walipokua, kipande kwa kipande, kwa kufundishwa zawiyani. Mama Nuru alimkuta bibi pale alipofika, akadhani pale ndipo alipoanzia.

Rajabu tukapanda hadi 33 kwa kila neno. Ramadhani ya pili nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu asubuhi hakuna chai. Hakuniuliza, alisoma wakati wa chai ya daku, na siku za zamu ya usiku alisoma chumba cha wauguzi, amesimama, kikombe mkononi. Baada ya Ramadhani alijaribu 100 kwa kila neno. Wiki ya tatu akaanza kukimbiza ulimi ili awahi daladala, akaniambia mwenyewe kwamba amerudi kwenye 33. Sikusema kitu. Ratibu anaisoma nasi usiku wa kuamkia Ijumaa, wiki anazokuwa huru.

Usiku mmoja wodini mzazi alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama Nuru na wenzake walifanya kila wanachokijua, mikono haikupumzika, na mama yule akapona. Wakinawa mikono, mwenzake, Mkristo, alimuuliza: "Ulikuwa unasema nini muda wote ule?" Mama Nuru hakujua kama alikuwa akisema chochote.

Ninavyokipima kisa hiki

Kilichofaa kuliko vyote ni kulifunga lile daftari, na si kwa sababu hesabu ni mbaya. Mtume alitaja mia, alitaja 33, alitaja kumi. Hesabu humpa mtu mwanzo na mwisho ili akili isitange. Lakini 1,000 ya Mama Nuru haikutajwa na Mtume wala haikutolewa na sheikh anayemjua. Ilikuwa namba aliyoiona kwa mtu. Alipoigeuza faradhi, kila siku ya kukosa ikawa dhambi isiyokuwepo, na mtu hukikimbia kinachomhukumu. Kuna ile habari ya kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili msikitini. Mtume aliuliza ni ya nini, akaambiwa ni ya Zaynab, mkewe, akichoka kusimama huishika. Akasema ifunguliwe, mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Daftari lile lilikuwa kamba ya Zaynab, na walimu tuna kawaida ya kuwasifu watu kwa kamba zao.

Kigingi kilikuwa na uzito kuliko kiasi. Hadithi ya Mama Aisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa chache, tunaisoma kila siku tukikazia neno "chache". Katika kisa hiki uchache peke yake haukutosha. Mpango wa kwanza ulikuwa na kumi-kumi-kumi zilezile na ukafa siku ya 12. Kudumu kulitaka pahala pa kuegemea pasipoyumba na mwezi wala na zamu. Sisemi uradi wa baada ya swala uachwe. Mama Nuru hadi leo husoma tasbihi zake za baada ya swala. Nasema usiwe ndio pekee, hasa kwa mwanamke.

Upande wa makosa, kubwa ni langu la kundi. Mtu anayezama katika namba nilimpeleka mahali ambapo namba hutangazwa. Makundi yale yana heri, nimeona yakiwaamsha watu waliolala kabisa. Lakini sasa siingizi mtu kabla sijaongea naye, na katika darsa letu jumla hukusanywa bila majina: kila mtu anatuma yake kwa msimamizi peke yake, na anayesoma kumi anatuma kumi.

Kosa la pili ni kuona haya kwangu, nisiulize. Nilimpa uradi kabla ya kuomba kuiona ratiba yake ya kazi, na kabla ya kuuliza habari za mwezi. Sasa nauliza mambo mawili hayo kwanza, kisha ndiyo tunazungumza dhikri. Swali la chai nalo ninalo, ingawa majibu hutofautiana. Mmoja alisema kuwasha jiko la mkaa. Mwingine, mama wa mtoto mchanga, alisema kunyonyesha usiku, naye anasoma huku mtoto ananyonya.

Kipo ambacho hakijafanikiwa mpaka sasa, nacho ni dakika za kimya. Mama Nuru anasema 33 zake kwa utulivu, lakini akifika kwenye kukaa kimya hunyanyuka baada ya pumzi chache, kwa sababu maji yamechemka au kwa sababu, kama alivyoniambia mwezi uliopita, "nikinyamaza nawaona wale ambao hawakupona." Hilo nililipokea bila jibu. Nimemshauri azungumze pia na mtu wa ushauri nasaha, na amekubali. Kwa sasa tumeondoa zile dakika mbili. Anakaa pumzi tatu, macho wazi, akiangalia mvuke wa birika.

Mwezi huohuo alikosa siku nne mfululizo, mama yake alipougua na ikabidi asafiri usiku. Aliniambia kwa kupita tu, katikati ya mazungumzo mengine, tukiwa tunakunja mikeka. Siku ya tano, akasema, aliamka kijijini, akaomba birika.